Peke Yangu Ndani ya Mikoko ya Tudor

Siku niliyokabidhi vifaa vya ofisi, mtunza stoo alipokea kila kitu isipokuwa gambuti zangu. Alizishika kwa vidole viwili, akazitazama kwa mbali, akasema, "Bi Rukia, hizi nenda nazo. Hizi si mali ya serikali tena." Basi ninazo. Ziko kibarazani kwangu Bondeni, na paka wa jirani hapiti karibu nazo.

Nyinyi mliobaki kwenye kitengo cha mikoko mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo sitavieleza. Kila cheo kilikuja na kiti kizuri zaidi na sababu moja zaidi ya kutotoka nje, na mimi niliipenda kazi hii kwa sababu ya kutoka nje. Niseme wazi zaidi: niliipenda kwa sababu ilinipa ruhusa ya kwenda peke yangu mahali ambapo watu hawaendi. Hilo sikuliandika kwenye barua ya maombi.

Nilizaliwa hapahapa Bondeni, katika nyumba iliyojaa watu mpaka ngazini. Ukitaka kulia ulingoja zamu yako. Nilipoanza kutumwa dukani niligundua kwamba mtoto aliyetumwa haulizwi anakwenda wapi. Nikitumwa nazi, nilikata vichochoro vya Mji wa Kale mpaka pwani, nikashuka mawe, na kama maji yamekupwa nikatembea chini ya majabali, kwenye mapango madogo yanayovuja maji, ambako kaa weusi hukimbia kwa ubavu wakimwona mtu. Huko hapakuwa na shangazi, wala binamu, wala mtu wa kuniambia kaa vizuri. Kila nikizunguka jiwe sikujua nitakuta nini upande wa pili, na kutojua huko kulinifurahisha hadi nikasahau nazi.

Mama alikuwa na desturi ya kunitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Watoka wapi wewe?"

"Dukani, Mama."

"Duka gani hilo lenye mwani?"

Alinichapa mara kadhaa, kisha akachoka. Siku moja aliniita jikoni akaniambia, "Rukia, mimi sikuelewi. Lakini ukenda, vaa viatu. Mawe yale yana chaza." Nimesikia watu wakisimulia baraka walizopewa na wazazi wao kwa dua ndefu. Yangu ilikuwa hiyo.

Nilipomaliza chuo cha misitu, wenzangu walipelekwa bara kwenye misitu ya mierezi yenye baridi na ukungu, wakanionea huruma mimi niliyepewa msitu ambao nusu ya siku uko baharini. Ofisi ilikuwa Kizingo, chini ya miti mikubwa, kando ya majumba ambayo sikuwahi kumwona mtu akitoka kwa miguu. Hata leo ukitembea Kizingo watu hudhani gari lako limeharibika.

Mkuu wa kitengo alikuwa Bwana Mutua, Mkamba mrefu aliyekulia mahali ambapo maji hupatikana kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu. Alikuja Mombasa akiwa kijana, akapewa mikoko bila kuulizwa, akaipenda. Hakujua kuogelea wala hakutaka kujua. Bahari aliijua kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, alilolibandika ukutani juu ya picha ya harusi yake.

"Sabalkheri, Bwana Mutua," nilimsalimu asubuhi ile ya kwanza. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kidogo na buibui jipya.

"Sabalkheri, Bi Rukia. Una viatu vingine?"

"Nina hivi tu."

Alifungua kabati akatoa gambuti za kiume. Zilikuwa za mtu aliyeacha kazi. Sikuuliza kwa nini aliacha.

Adhuhuri haijafika tulikuwa Tudor, kwenye mkono ule wa bahari unaoizunguka kaskazini ya kisiwa. Bwana Mutua alisimama palipo pakavu akanionyesha kwa fimbo. Huu ni mkoko, umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepandisha kikoi asilowe. Ule ni mchu, unatoa vidole ardhini ili upumue. Kisha akanifundisha tope. Tope la kahawia lenye matundu ya kaa hubeba mtu. Tope jeusi linalong'aa halibebi mtu, hata akiwa mwembamba, hata akiwa na haraka. Mguu uwekwe juu ya mzizi, na fimbo itangulie mguu.

Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikaingia. Miguu yangu ilijua kazi hiyo tangu utotoni. Nilizunguka mbali nikarudi nimelowa hadi kiunoni, nimeshika tunda la mkomafi, mkoko mwingine, lililo kubwa kama mpira, nacheka mwenyewe. Bwana Mutua alilipokea lile tunda.

"Naona wewe utataka kuwa ukienda peke yako," akasema.

"Kwani imekatazwa?"

"Nikikukataza utakwenda bila kuniambia. Kwa hivyo utaniambia unaingia wapi na utatoka saa ngapi. Ukichelewa, nitakuja kukutafuta. Na mimi sijui kuogelea. Uwe ukilifikiria hilo."

Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi tangu hapo. Hakuna sheria ya usalama iliyonikaa kichwani kama hiyo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Fimbo ya mkandaa, mkoko wa mti mgumu, kwa sababu haivunjiki wala haiozi. Chupa ya maji. Filimbi, kwa kuwa sauti ya mtu ndani ya mikoko haifiki popote. Kitambaa cha kufunga kidonda. Panga sikulipenda, mwenye panga hukata njia, na njia uliyoikata siku hiyo kesho ni barabara ya mwingine. Simu za mkononi zilipokuja nilinunua moja, nikaingia nayo, ikaanguka majini siku ya kwanza. Niliona kama bahari imetoa maoni yake.

Sasa nieleze siku niliyopapata mahali pangu.

Ilikuwa mwanzo wa kazi bado. Nilimwambia Bwana Mutua nitaingia kwenye mfereji mmoja upande wa juu wa Tudor, na nitatoka Adhuhuri. Mfereji huo ulikuwa mwembamba, umefunikwa na matawi, na ulikuwa ukipinda. Kila pindo nilijiambia kwamba hili ni la mwisho, na kila nikifika pindo nilitaka kuona lifuatalo. Mdiria wa buluu alikuwa akiruka mbele yangu, anatua, anangoja, anaruka tena, kana kwamba ameajiriwa kunitembeza. Nilikuwa na furaha kubwa mno. Nikaacha kutazama tope.

Mguu wa kulia ulizama hadi pajani. Nilijaribu kuutoa kwa kuukanyagia wa kushoto, na wa kushoto nao ukazama. Nilipiga filimbi. Ikajibiwa na ndege.

Zilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na maji ya bamvua hayaji taratibu. Niliyaona yakiingia kwenye mfereji yakisukuma povu na majani makavu mbele yake. Niliogopa, siwafichi. Kisha nikakumbuka kwamba tope humshika aliyesimama. Nikatoa miguu ndani ya gambuti, nikazing'oa kwa mikono miwili, nikazifunga pamoja kwa kile kitambaa na kuzitupa begani, nikalala kifudifudi kama mtoto anayejifunza kutambaa. Nilijivuta kwa mizizi. Chaza walinikata viganja, na nilimkumbuka Mama na viatu vyake. Maji yalipofika yaliniinua kidogo, yakanisaidia, nikasukumwa mbele mpaka mkono wangu ukashika jiwe.

Hapakustahili kuwa na jiwe pale. Nilipanda. Lilikuwa jabali la matumbawe, limeinuka katikati ya mikoko kama kisiwa, na juu yake palikuwa na uwazi wa kutosha nyumba mbili. Mkomafi mkubwa ulisimama pembeni, mizizi yake imetandaa kama kuta fupi za kiwanja kilichopimwa na mlevi. Nyange walijaa juu, weupe, na makinda yao yakipiga kelele za njaa. Na chini ya jabali, kwenye ufa, maji yalikuwa yakitoka. Niliyachota kwa kiganja kilichochanika nikayaonja nikitarajia chumvi.

Yalikuwa matamu.

Nilikaa pale mpaka maji yalipoanza kupwa tena. Niliosha vidonda, nikanywa nikashiba, nikalala chali kuwatazama nyange. Nilikuwa nimetoka kunusurika kifo na sikuweza kuacha kutabasamu. Mjini watu walikuwa wakiuza kahawa, wakigombania njia Makupa, wakifunga maduka kwenda kusali, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mahali hapa papo.

Nilipotoka, Alasiri ilikuwa imeshapita. Bwana Mutua alikuwa kwenye mdomo wa mfereji. Hakuwa ufukweni, alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, amevaa shati na tai, amejifunga kamba kiunoni, na ncha ya pili ya kamba ameifunga kwenye mkoko. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alikuwa ameanza kunifuata, akafika pale kamba ilipoishia, akabaki amesimama.

"Ulisema Adhuhuri," akasema.

"Nimechelewa, Bwana Mutua."

"Naona."

Nilimshika mkono tukatoka. Ulikuwa baridi kama samaki. Tulipokaa kwenye nyasi akaniuliza, "Umeona nini huko?"

Nilitaka pabaki pangu, walau kidogo.

"Nitakwambia siku nyingine," nikasema.

Akakamua ncha ya tai yake. "Basi ni kitu kizuri," akasema, na hakuniuliza tena.

Kwa miaka mingi nilikwenda pale kila masika yakiisha na kila nilipokuwa na jambo zito moyoni. Nilikwenda baada ya mazishi ya Mama. Nilikwenda asubuhi moja ya wiki niliyoolewa, na mume wangu Salim, ambaye ni mtu wa kiti na kivuli, alinikuta nikikwangua tope kwenye kucha zangu zenye hina. Akanitazama akasema, "Wanaume wengine hushindana na wanaume wenzao. Mimi nimepewa tope." Lakini hakuwahi kunizuia, na chupa yangu ya maji aliijaza yeye.

Kazi yenyewe iliendelea. Tulipanda miche ikafa, tukapanda mingine ikashika. Tuliwafukuza wakata boriti wakatuzoea, wakawa wanatusalimu kabla ya kukimbia. Bwana Mutua alistaafu akarudi kwao, akaniachia lile jedwali la ukutani na picha ya harusi akaichukua, ingawa alisita.

Kisha ukaja mpango wa kujaza kifusi upande wa juu wa Tudor ili paegeshwe malori. Kamati iliundwa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwenyekiti alikuwa mhandisi, Mama Akinyi, mwanamke wa sauti ya chini aliyezoea kusikilizwa. Tulionyeshwa picha zilizopigwa kutoka angani. Sehemu ile ilionekana kama kichaka duni cha kijani kibichi, na walioandika taarifa walikuwa wamepita kwa mashua, wakaona mikoko mifupi ya ukingoni, wakaandika walichokiona. Hawakusema uongo. Kutoka nje hivyo ndivyo palivyoonekana, na ndiyo sababu palikuwa pangu siku zote hizo.

"Kuna mwenye la kuongeza?" Mama Akinyi akauliza.

Nilikaa kimya. Aliahirisha uamuzi hadi juma lililofuata, kwa sababu nyingine kabisa, na mimi nikatoka nikatembea kutoka Kizingo mpaka nyumbani bila kumwona mtu hata mmoja niliyepishana naye. Nikisema, wataingia. Wataingia na kamera, na wanafunzi, na mapipa ya takataka yaliyoandikwa asante. Nisiposema, nitapoteza kila kitu, lakini hakuna atakayejua nilikuwa na kitu. Nyumbani Salim alinipakulia chakula nikakichezea. Mwisho nikampigia simu Bwana Mutua.

"Shikamoo, Bwana Mutua."

"Marahaba, Bi Rukia. Uliniambia utaniambia siku nyingine. Ndiyo leo?"

Sikutarajia kwamba anakumbuka. Nikamweleza yote: mdiria, tope, jabali, maji matamu, nyange. Nilizungumza kwa muda mrefu, nikisikia sauti yangu ikipanda kama ya msichana. Akaniacha nimalize.

"Unaniuliza nini hasa?" akasema.

"Nikiwaonyesha, sitakuwa na mahali pangu."

"Ni kweli. Hutakuwa napo." Akakohoa. "Mimi nilisimama pale kwenye mdomo wa mfereji, kamba imeniishia, nikawaza kwamba yule msichana ameona kitu nisichoweza kukifikia. Nimewaza hivyo mara nyingi. Sasa unaniambia malori yataegeshwa juu yake kabla sijakiona?"

Alikuja. Alipanda basi kutoka kwao, mzee wa magoti mabovu, akalala kwetu Bondeni, akala mahamri na mbaazi hadi Salim akaridhika naye. Siku ya safari tuliondoka maji yakiwa yamekupwa, siku za maji mafu, bahari isipojaa sana. Tulikuwa kamati nzima, na Bwana Mutua akiwa ndani ya jaketi la kuelea la rangi ya chungwa lililofungwa hadi kidevuni. Nilitangulia na fimbo. Niliwapitisha kwenye mizizi, nikiwaonyesha pa kukanyaga, na nilisikia nyuma yangu watu wazima wakianza kucheka kama wanafunzi waliotoroka shule.

Mama Akinyi alizama hadi gotini kwenye pindo la pili, tope likameza kiatu chake kimoja. Nilidhani atarudi. Alivua kiatu kilichobaki, akakishika mkononi, akasema, "Endelea, Bi Rukia. Mimi nilikulia ziwani. Tope si geni kwangu, nilikuwa tu nimelisahau."

Tulipofika jabalini nyange waliruka wote kwa pamoja, wakafunika anga, wakarudi kutua mmojammoja. Bwana Mutua alipiga magoti kwa taabu kwenye ule ufa, akachota maji, akanywa. Akachota tena. Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni hadi kwenye jaketi.

"Yaani nilikuwa nikiandika kuhusu mikoko hii miaka yote," akasema, bila kumsemesha mtu, "na ina kisima."

Mama Akinyi aliweka kiganja kwenye jabali na kukiacha hapo. "Nani mwingine anapajua?" akaniuliza.

"Sasa nyinyi."

Alinielewa. Alinitazama kwa namna ambayo nilijua amenielewa, na hakuniambia pole, nikamshukuru kwa hilo. Malori yalitafutiwa mahali pengine, kwenye kiwanja cha zamani kisicho na maji wala ndege. Bwana Mutua alirudi kwao na chupa ya maji ya jabali ambayo mkewe, nasikia, aliyatumia kupikia chai. Bwana Mutua mwenyewe alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Nilikwenda mazishini, na nilipotambulishwa, mwanawe wa kike alinishika mikono yote miwili akasema, "Ah, ni wewe wa tope."

Mnapajua palivyo sasa. Kuna daraja la mbao, kina mama wanaofuga kaa ndio wanaotembeza wageni, na wanawatembeza vizuri kuliko nilivyokuwa nikitembeza mimi. Mara ya kwanza nilipokuta karatasi ya biskuti kwenye ule ufa nilikaa chini nikaumia kabisa. Niliiokota nikaitia mfukoni. Nyange bado wanataga. Sikupata tena ule ukimya, na ningefanya vilevile.

Nilidhani mambo yangu ya kuzurura yameishia hapo. Magoti yangu yalifikiri hivyo pia. Lakini Jumatatu ya kwanza ya kustaafu niliamka mapema, sina pa kwenda, na nikagundua kwamba sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa na kiherehere kama mtoto mwenye nguo za Idi. Nikamuaga Salim, nikachukua fimbo, nikaenda Kibarani.

Nyinyi vijana mnapajua Kibarani kwa harufu ya zamani. Sisi tuliofanya kazi enzi za jaa la taka tulikuwa tukipita tumefunga pua, na sikuwahi kushuka chini hata siku moja. Sasa juu pana nyasi na miti ya kupandwa. Nikashuka mpaka majini, chini ya barabara inayoelekea Makupa, na hapo nikasimama. Kwenye tope, katikati ya vigae na chupa zilizozikwa nusu, michu michanga ilikuwa imechipua. Haikuwa kwenye mistari. Hakuna mtu aliyeipanda. Bahari yenyewe ilileta mbegu, zikakubali kuota pale. Nilihesabu mpaka nikaacha. Mbele yake kulikuwa na kijito kidogo kinachoingia chini ya vichaka na kupinda, ambacho hakimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuchora, nami nimeichora pwani hii karibu yote.

Nilikaa kwenye jiwe nikavaa gambuti.

Juu barabarani magari yalikuwa yamesongamana kama kawaida. Dereva wa lori mmoja, aliyechoka kungoja, alitoa kichwa dirishani akaniona huko chini na fimbo yangu.

"Mama," akaita, "umepoteza kitu huko?"

"Sikupoteza kitu, mwanangu."

"Sasa kuna nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Ndiyo kwanza naingia kuona."